Gemu ya mazoezi imemwambia binti yangu uzito wake umezidi. Niiondoe?

SWALI: Shikamoo daktari. Binti yangu ametimiza miaka 10 mwezi uliopita. Mwaka jana tulimnunulia gemu ya mazoezi, ile ya kuunganisha kwenye televisheni, yenye kibao cha kukanyagia kinachopima uzito. Ameipenda sana, kila jioni anaruka na kucheza na mdogo wake. Juzi alipopanda kibaoni, gemu ikamwandikia kwamba uzito wake umezidi, na kikatuni chake kikavimba tumbo palepale huku mdogo wake akiangalia na kucheka. Tangu siku ile anabakiza chakula na kuniuliza kama yeye ni mnene. Nimempima mwenyewe: urefu sentimita 142, uzito kilo 37. Baba yake anasema mashine haidanganyi, tumwache ajirekebishe mapema. Mimi moyo unakataa. Je, gemu hizi zinawafaa watoto?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa vipimo ulivyoniandikia, binti yako hana uzito uliozidi. Yuko ndani ya kiwango cha kawaida cha umri wake, upande wa juu wa katikati, walipo watoto wengi wenye afya njema. Na kuhusu gemu, jibu langu ni hili: mchezo wenyewe mwachie, ile sehemu ya kupima na kuhukumu mwili ifunge. Ni vitu viwili tofauti vilivyouzwa kwenye boksi moja, na kinachomfaa mtoto ni kimoja tu.

Baba yake ana haki ya kuonyeshwa hesabu, basi tuifanye. Gemu hizi hutumia uwiano wa uzito na urefu, unaojulikana zaidi kwa herufi tatu, BMI. Unachukua kilo za mtu, unazigawanya kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa urefu huohuo. Mita 1.42 mara 1.42 ni kama 2.02. Ukigawanya 37 kwa 2.02 unapata 18.3. Sasa tuitazame chati ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa miaka 5 hadi 19. Kwa msichana wa miaka 10, katikati kabisa ni 16.6. Uzito huhesabiwa kuwa umezidi akipita 19.0, na unene uliokithiri akipita 22.6. Upande wa chini, wembamba wa kutia wasiwasi ni chini ya 13.5. Binti yako na 18.3 yake hajavuka mstari wowote.

Kwa nini basi gemu ikasema vingine? Lipo kosa moja ambalo ningelitafuta kabla ya mengine yote. Kibao kinapima uzito peke yake. Urefu hakina namna ya kuupima. Mtu huuandika siku akaunti ya mchezaji inapofunguliwa, na unabaki vilevile mpaka mtu aingie tena kuubadilisha. Kwa mtu mzima hilo halina madhara, kwa sababu urefu wake hausogei. Lakini mtoto wa umri huu hurefuka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Tuseme mlipomfungulia akaunti mwaka jana alikuwa na sentimita 137, na hakuna aliyeigusa tangu hapo. Gemu itachukua kilo 37 za leo na kuzigawanya kwa urefu wa 1.37. Jibu linakuwa 19.7, naye amevuka mstari. Mtoto ni yuleyule, kilo ni zilezile, ila amehukumiwa kwa uzito wa mwaka huu na urefu wa mwaka jana. Kadiri anavyokua vizuri, ndivyo gemu itakavyozidi kumwona mnene.

Ingia kwenye akaunti yake uangalie urefu ulioandikwa, na uangalie tarehe ya kuzaliwa pia. Watoto wakijifungulia akaunti wenyewe huandika mwaka wowote, na umri ukikosewa, mstari wa kumpimia nao unakosewa. Angalia vilevile kibao kinawekwa wapi, maana juu ya zulia zito vipimo vya uzito huyumba. Mtoto aliyepanda na sweta, viatu na chupa ya maji mkononi anaweza kuonekana ameongeza kilo moja bila kuongezeka gramu hata moja mwilini.

Namwelewa baba anaposema mashine haidanganyi. Kwenye kilo 37 haikudanganya. Ila kilo ni kipimo, na “umezidi” ni hukumu, na hukumu hiyo haikutoka kwenye mizani. Ilitoka kwenye mstari uliochorwa na waliotengeneza programu. Mstari huo kwa mtoto si kitu cha kuchorwa mara moja kikaisha, kwa sababu BMI ya mtoto haitulii. Hupanda katika mwaka wa kwanza wa maisha, kisha hushuka polepole mtoto anapoanza kutembea, kukimbia na kurefuka, hufika chini kabisa karibu na miaka 5 au 6, halafu huanza kupanda tena hadi utu uzima. Chukua namba 17. Kwa msichana wa miaka 6 ipo mpakani mwa uzito uliozidi. Kwa wa miaka 10 ipo karibu kabisa na katikati. Kwa wa miaka 17 inaelekea kwenye wembamba wa kuangaliwa. Namba moja, majibu matatu.

Ndiyo maana kumpima mtoto kwa kipimo cha mtu mzima ni kumdhulumu. Kwa watu wazima, chini ya 18.5 ni uzito pungufu na kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Kwa kipimo hicho, msichana wa miaka 10 aliye katikati kabisa ya wenzake, na 16.6 yake, ataambiwa amekonda na aongeze kilo. Wii Fit, gemu iliyoifanya aina hii ijulikane duniani tangu ilipotoka Japani Desemba 2007, iliwawekea watu wazima 22 kuwa ndiyo BMI bora ya kulenga. Msichana wa miaka 10 akiifukuzia 22 hiyo atakuwa karibu na mpaka wa unene uliokithiri. Mzazi asiyejua hili ataona namba na mshale wa kijani, atampongeza.

Hata chati sahihi ya watoto ina mambo isiyoyaona. Wasichana wengi huanza balehe kati ya miaka 8 na 13. Katika kipindi hicho mwili hujiwekea mafuta, nyonga hupanuka, na uzito unaweza kutangulia huku urefu ukifuata miezi kadhaa baadaye. Binti yako amefika hapo mlangoni. Msichana aliyeanza mapema na mwenzake ambaye hajaanza wanaweza kuwa na umri mmoja na namba tofauti kabisa, wote wawili wazima. BMI haijui balehe. Haijui misuli wala mifupa mizito. Kanuni yake ilitoka kwa Adolphe Quetelet, mwanahisabati Mbelgiji wa karne ya 19, ambaye alikuwa akichunguza wastani wa watu wengi kwa pamoja, si kumpima mgonjwa mmoja aliyekaa mbele yake. Mtaalamu wa afya anaitumia kama mahali pa kuanzia kuuliza maswali: wazazi wana miili gani, mtoto alikuwa wapi kwenye chati mwaka jana na mwaka juzi, anakula nini, analala saa ngapi, balehe imeanza? Gemu haiulizi. Inatoa jibu na kuchora tumbo.

Suala hili lilishazua kelele. Mwaka 2008, Wii Fit ilipokuwa mpya madukani Uingereza, familia moja ililalamika hadharani baada ya binti yao wa miaka 10 kuambiwa na gemu hiyo kwamba uzito wake umezidi. Nintendo, kampuni iliyoitengeneza, iliomba radhi kwa waliokwazwa na maneno yaliyotumika, na ikakubali kwamba vipimo vyake huenda visiwe sahihi kabisa kwa watoto kwa kuwa hawakui kwa mwendo mmoja. Miaka imepita na gemu nyingine zimekuja, lakini kibao kama chenu bado kiko sebuleni kwa watu, na tabia ya kuupa mwili alama sasa imehamia kwenye saa za mkononi na programu za simu.

Kwangu mimi kile kikatuni kilichovimba ni kibaya kuliko namba. Mtoto wa miaka 10 anaweza kuisahau namba kama 19.7, haina maana kichwani mwake. Lakini kikatuni kile amekitengeneza kwa mikono yake: amekichagulia nywele, macho, rangi ya nguo, amekipa jina lake. Kikivimba tumbo na kuinamisha kichwa, anachoambiwa ni kwamba hivi ndivyo unavyoonekana na hivi ndivyo unavyopaswa kujisikia. Na umri huu bado hauna silaha ya kubishana na mashine. Mtu mzima atasema “aa, hii imekosea” na kuendelea. Mtoto anaiona inatoa sauti na rangi, inamsifu akifanya vizuri, inakumbuka jana alifanya nini. Anaiamini kama anavyomwamini mwalimu. Tena ilisemwa mbele ya mdogo wake. Umeandika kwamba mdogo alicheka. Zungumza naye pia, peke yake na kwa upole, maana katika nyumba nyingi jina la utani linaloumiza huanzia kwenye kicheko kama hicho.

Hapohapo kuna ule “umri wa mwili” ambao baadhi ya gemu humpa mchezaji baada ya majaribio machache ya kusimama kwa mguu mmoja na kuegemea huku na huku. Mtoto wa miaka 10 akiambiwa mwili wake una miaka 27, hakuna alichojifunza juu ya afya yake. Uwezo wa kushika mizani ya mwili huendelea kukomaa mpaka ujanani, kwa hiyo kuyumba kwake ni jambo la umri, si ugonjwa. Hilo lipuuzeni.

Sasa nije kwenye hoja ya baba, kwamba tumwache ajirekebishe mapema. Naichukulia kwa uzito, kwa sababu wazazi wengi wenye mapenzi ya kweli huisema. Tuseme vipimo vingekuwa vingine, na binti yenu angekuwa kweli amepita mstari. Je, kuambiwa kungemsaidia? Ushahidi tulio nao unaelekea upande mwingine. Mwaka 2014 jarida la JAMA Pediatrics lilichapisha utafiti uliowafuata wasichana 2,379 wa Marekani kuanzia miaka 10 hadi 19. Wale walioambiwa na mtu wa karibu, wakiwa na miaka 10, kwamba ni wanene mno, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na unene uliokithiri walipofika miaka 19, hata baada ya watafiti kuzingatia uzito waliokuwa nao mwanzoni. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba maneno ndiyo yaliyowanenepesha. Lakini unatosha kututoa kwenye imani kwamba kumwambia mtoto ni mnene kunampunguza.

Kuna mwingine ulio karibu zaidi na swali lako, kwa kuwa unahusu taarifa na si maneno ya ndugu. Huko California watafiti walizigawa shule 79 kwa bahati nasibu: nyingine wazazi waliletewa ripoti ya BMI ya mtoto wao, nyingine hawakuletewa. Wanafunzi walikuwa zaidi ya 28,000. Ripoti hazikubadilisha uzito wa watoto. Kilichoshuka zaidi ni kuridhika kwa watoto na uzito wao, pale walipopimwa shuleni. Hizo ni ripoti zilizopelekwa kwa wazazi, kwa maneno yaliyochaguliwa. Fikiria sasa hukumu inayomrukia mtoto mwenyewe usoni, bila mtu mzima katikati, kila anapotaka kucheza.

Mtoto aliyeaibishwa juu ya mwili wake mara nyingi hajongei zaidi, hujificha. Anaacha kukimbia mbele za watu, anaruka chakula cha mchana, jioni njaa inamshinda anakula kwa pupa, kisha anajilaumu. Dalili ya kwanza umeshaiona: anabakiza chakula. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, kinawashauri wazazi wasiwahimize watoto kufunga au kupunguza chakula ili wapungue na wasizungumzie uzito, ule wa mtoto wala wao wenyewe. Badala yake familia ile pamoja mara kwa mara na izungumzie kula vizuri na kuushughulisha mwili. Hiyo “wao wenyewe” naomba uisome mara mbili. Mama anayepanda mizani kila asubuhi na kuguna anamfundisha binti yake somo lilelile la kile kikatuni.

Nimesema mchezo mwachie, na sikusema hivyo ili kukuliwaza. Mtoto anayeruka na mdogo wake kila jioni anafanya jambo zuri. Mapigo ya moyo yanapanda, miguu inafanya kazi, wanacheka. Mwaka 2006 jimbo la West Virginia nchini Marekani liliamua kupeleka Dance Dance Revolution, gemu ya kucheza kwa kukanyaga mishale sakafuni, katika shule zake za umma, hasa kuwafikia watoto wasiopenda michezo ya mpira. Nakubaliana na wazo hilo kwa moyo wote. Kuna watoto ambao uwanja umewakataa, hawachaguliwi kwenye timu, na sebule ndiyo mahali pa kwanza walipotokwa na jasho kwa furaha.

Usiitarajie gemu ifanye kila kitu, hata hivyo. Vipimo vya nguvu ambayo mwili unatumia vimeonyesha kwamba gemu hizi zinamshinda mtoto aliyekaa na rimoti, lakini zinashindwa na mchezo wenyewe halisi wa kukimbia na kurusha. Na katika utafiti wa mwaka 2012, watoto wa Marekani waliopewa gemu za kujongea wacheze nyumbani wapendavyo hawakuongeza mjongeo wao wa siku kuliko waliopewa gemu za kukaa. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wajongee kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, kwa nguvu ya kuhemesha, na siku tatu au zaidi kwa wiki wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Gemu iwe sehemu ya dakika hizo. Kamba ya kuruka, baiskeli, kukimbizana nje na kutembea kwa miguu zijaze zilizobaki.

Cha kufanya jioni ya leo: fungua mipangilio ya gemu utafute kama kipimo cha mwili kinaweza kuzimwa au kurukwa. Nyingi huruhusu kuingia moja kwa moja kwenye mazoezi, au kucheza kama mgeni bila akaunti. Gemu yako ikikataa kabisa kuanza bila kupima, akaunti ya watoto ifunge, wacheze kwa ugeni. Ikikataa na hilo, hapo ndipo ningeiondoa na kutafuta nyingine.

Unapochagua nyingine, jiulize inatoa alama kwa kitu gani. Just Dance inatoa nyota kwa jinsi ulivyofuatisha miondoko. Ukikosea unakosa nyota, na kesho unaweza kuzipata. Ring Fit Adventure ya mwaka 2019 inauliza uzito ili kukadiria nguvu uliyotumia, lakini safari yenyewe unaishinda kwa kuchuchumaa na kusukuma pete. Mtoto anaweza kuongeza juhudi zake ndani ya dakika tano. Mwili wake hawezi kuubadilisha ndani ya dakika tano, na hatakiwi kujaribu. Gemu inayohesabu juhudi inamfaa. Inayohesabu kiuno haimfai, hata ikiwa na muziki mzuri. Namba za kalori zilizochomwa nazo ningezificha kwa mtoto wa umri huu. Hazimfundishi lolote ila kwamba chakula ni deni.

Na binti mwenyewe anasubiri jibu. Usimwambie tu “wewe si mnene”, kwa sababu neno litabaki kuwa tusi linalomkosa leo na kumpata kesho. Kaa naye mfungue akaunti pamoja, mpime urefu ukutani kwa penseli, na mwonyeshe. “Ona, gemu ilidhani bado una urefu wa mwaka jana. Umekua, yenyewe haijui.” Mwache afanye hesabu mwenyewe kama anapenda hesabu. Kisha mwambie kwamba mwili wake unajiandaa kuwa wa mtu mkubwa, unahitaji chakula na usingizi kwa kazi hiyo, na hakuna mashine wala mtu mwenye ruhusa ya kuuchora kwa dhihaka. Baba akiyasema maneno hayo yeye, yatamwingia zaidi, kwa kuwa binti huenda alimsikia akiitetea mashine.

Mezani usimsimamie wala kumbembeleza kila tonge. Leta chakula kama kawaida, kuleni pamoja, zungumzeni mengine. Watoto wengi hurudi kwenye hali yao baada ya siku chache wakiona nyumba imetulia. Asiporudi ndani ya wiki mbili, au ukiona anajipima kila mara, anaficha chakula, anafanya mazoezi kwa siri usiku, au kilo zinashuka, mpeleke akaonwe. Mtoto wa miaka 10 anatakiwa kuwa anaongezeka, kwa hiyo hata kusimama tu kwa uzito kwa miezi kadhaa ni jambo la kuuliza. Nenda na vipimo vyake vyote vya zamani ulivyo navyo, na uombe viwekwe kwenye chati ya wasichana ya umri wake. Akizimia, akitapika kwa makusudi au akikataa chakula kabisa, mpeleke siku hiyohiyo.